Pumba Ndani ya Rejeta

Uji ulinipiga usoni. Sijui niuite nini kingine, maana ulikuwa uji kweli: wa moto, mzito, wa kahawia, unanuka pumba na kutu. Ulinipata jicho la kushoto, shingo na kifua. Shati liliniganda, nikalivuta, likaja na ngozi. Tulikuwa katikati ya hifadhi, tunatoka Usevya kwenda Mpanda na magunia ya mpunga, saa saba mchana, na mbung'o wakaanza kutua pale palipochubuka. Mpaka leo nikinusa uji asubuhi natoka nje.

Mama mmoja mfanyabiashara wa mpunga, abiria wangu wa mbele, alinimwagia maji yake yote ya kunywa. Huku ananusa, anashangaa.

"Baba, hii ni rejeta kweli? Nani amepika humu?"

Alipika tajiri, mwenye gari. Mpishi wake alikuwa fundi wa mtaa wa Shanwe, pale Mpanda.

Mimi niliishia darasa la nne, ila gari nalijua kwa mikono. Maji yanatoka kwenye injini yakiwa ya moto, yanapita mpira wa juu, yanaingia kwenye rejeta, feni inayapoza, yanarudi kwa mpira wa chini. Ni hivyo tu. Kila asubuhi nilikuwa nakagua maji, mkanda wa feni na mipira. Na mfuniko sifungui kabla sijauminya mpira wa juu. Ukiwa mgumu na wa moto, unakaa pembeni unasubiri. Ukiwa laini na umepoa, unafungua. Mshale wa joto ulishakufa zamani, tajiri alisema hauna kazi.

Wiki ile rejeta ilikuwa inavuja. Nikamwambia. Akanijibu, "Nyie madereva mnapenda vitu vipya. Mpelekee fundi wangu, nitaongea naye mwenyewe."

Gari nililiacha asubuhi, jioni nikalichukua. Halivuji hata tone. Fundi alikuwa anatafuna muwa, anatema makapi miguuni pangu.

"Nenda nalo, kaka. Limeshiba hilo!"

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachonichefua kuliko vyote, kwamba nilicheka nao.

Kesho yake, mle hifadhini, injini ikakosa nguvu na kuanza kunuka. Nikazima, nikasubiri, nikauminya mpira. Laini, wa baridi kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa jana. Nikaweka kitambaa, nikazungusha mfuniko.

Nilipotoka hospitali nilimfuata fundi nikiwa na bandeji usoni. Hakuweza hata kuniangalia.

"Uliweka nini?"

"Pumba laini za mpunga, kaka. Makopo mawili. Zinaziba tundu. Huku wengi wanafanya, ila unaweka kiganja kimoja, unafika, unamwaga, unasuuza. Mimi nilitaka kuchomelea. Tajiri akakataa, akasema ongeza, zikae. Na akasema usiambiwe, utagoma safari."

Zilikaa. Zikavimba, zikaziba tundu, halafu zikaziba na njia, pale maji yanapotoka kwenye injini. Mpira ulipoa kwa sababu maji ya moto hayakuwa yanafika pale. Yalikuwa yamefungiwa kwenye injini nyuma ya donge la pumba, yanachemka. Nilipofungua mfuniko, upande wa rejeta ukakosa cha kulizuia, donge likaachia.

Sasa tajiri anapita mjini anasema, "Yule mzembe, alifungua rejeta ya moto. Hata mtoto anajua." Madereva wenzangu wamemwamini. Vijana wanaoanza kazi wanaonyeshwa uso wangu ili wajifunze kusubiri. Mimi! Mimi niliyewafundisha wenzao kuuminya mpira.

Fundi, wewe ulijua, ukacheka. Njoo useme ulichoweka. Na wewe tajiri, njoo pale tunapopaki, madereva wote wakiwepo, simama mbele ya hili jicho, useme kwa mdomo wako nani aliagiza nisiambiwe. Nipo pale kila asubuhi. Njoo ujibu.