Mawe Saba ya Dada Kabula

Jamani, leo nimelamba jiwe mbele ya mjukuu wangu.

Neema ndiyo kwanza ameanza kukusanya mawe ya fuwele. Kayamwaga mezani, kaniambia, "Bibi, wewe mtu wa Shinyanga, kwenye migodi ya almasi. Nichagulie la kwanza."

Nikachukua moja, nikalilamba, nikaliinua juani.

Akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, unalionja?"

Hivyo ndivyo alivyonifundisha dada yangu Kabula, miaka ya hamsini, tukipalilia pamba. Ukililamba, vumbi linatoka, unaona ndani. "Usikimbilie kubwa," alikuwa akisema. "Tafuta lenye ncha nzima."

Alikuwa na mawe saba ya namna hiyo, kwenye kibuyu.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, surua ikamchukua. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Tulibaki na kibuyu.

Kisha ukaja uvumi: askari wa mgodi wa almasi wanapekua nyumba. Watu wakasema ukikutwa na jiwe linalong'aa, utajieleza ukiwa ndani.

Mama akayamwaga yote chooni. Akarudi, akanawa mikono.

Askari hawakufika kwetu kamwe. Na yale hayakuwa almasi. Neema kayanunua ya namna ile ile, tena kwa bei ya soda.

Basi nikamchagulia dogo, lenye ncha nzima. Bado nimelishika, mtu akabisha hodi.

Jirani tu, anaomba chumvi.

"Bibi, jiwe liko wapi? Unamwogopa nani?"

Nilishindwa kumjibu. Lilikuwa mdomoni.