Unamchechemea Nani?

Siku ile naikumbuka kama jana. Nilikuwa msichana, natoka sokoni Bunda na kapu la dagaa. Goti langu la kushoto lilikuwa limefanyiwa upasuaji, kano ilikatika nikicheza netiboli. Mtaalamu wa mazoezi alinionya: mguu umepona, lakini umezoea kuogopa. Ufundishe kutembea upya, kisigino kwanza, goti likunjike, uzito uende sawa miguu yote miwili. Ukizidi kuubembeleza, ule mto laini ulio kati ya mifupa utaharibika, na baridi yabisi itakukuta bado kijana.

Basi nikatembea hivyo, polepole, nikitazama kivuli changu. Mwanangu, mpaka leo damu inanichemka!

"Mwoneni anavyoringa," alisema muuza nyanya mmoja. "Juzi tulimwombea dua, leo anatembea kama bibi harusi!"

"Kumbe alikuwaga anadeka tu," mwenzake akadakia.

Watu wazima hao, wanaosali safu moja na mama yangu! Walitaka nini? Nijikokote ndipo wanihurumie? Nikaanza kuchechemea mbele yao, nyumbani natembea vizuri. Lakini mguu haujui unafiki. Muda si mrefu nikawa nachechemea hata uani kwetu, na goti likaanza kuvimba.

Shangazi Mwajuma alikuja kututembelea kutoka Butiama. Nilipompelekea maji ya kutawadha, akaniangalia.

"We binti, unamchechemea nani?"

Nikamweleza. Akajifunga khanga kiunoni.

"Hao ndio watakuinua kwenye sijda ukizeeka? Twende sokoni. Anayetaka kucheka anicheke mimi."

Tukapita mbele ya zile nyanya, kisigino kwanza, shangazi na unene wake akikunja magoti kama mimi. Walicheka kweli.

"Bibi, na wewe umefanyiwa operesheni?"

"Ndiyo. Nimetolewa aibu. Nyie yenu mtatolewa lini, mnaomcheka mgonjwa anayetaka kupona?"

Tukaendelea na njia yetu, na tangu siku hiyo nikatembea nilivyofundishwa, hata mbele yao. Alhamdulillahi, goti lile bado linanishusha kwenye sijda na kuniinua bila kushika ukuta.

Sasa nasikia nawe huko Nyakato, na goti lako lililoshonwa, wanakuita mwanamitindo, na umeacha mazoezi. Nimekasirika, na si nawe. Rudi kwa mtaalamu wako kesho. Yeye ndiye atakayekwambia inatosha, si watu wa barabarani. Upe kila mguu haki yake, na usimchechemee mtu yeyote.

Mola azinyooshe hatua zako, akupe uzee wa kusujudu na kuinuka mwenyewe. Amina.