Rumonge, kwa ajili ya swali moja kuhusu mwanga

Niliondoka Bujumbura kwa sababu rafiki yangu Esperansi alitaka kuacha kufundisha fizikia. Tulikua pamoja Tanzania, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, tukasoma darasa moja. Familia zetu ziliporudi Burundi yeye alipata kazi katika lise moja, shule ya sekondari, ya Rumonge, mimi nikabaki mjini, nikifundisha somo lilelile. Siku moja akanipigia simu, sauti imemkauka.

"Nimemwambia Direkteri anipe madarasa ya wadogo, nifundishe Kiswahili. Fizikia basi."

Nilimuuliza kumetokea nini. Alikuwa amewaeleza wanafunzi wa terminali, darasa la mwisho, kwamba kasi ya mwanga ni ileile kwa kila anayeipima, awe amesimama au anakimbia. Msichana mmoja akasimama, akauliza kwa nini. Esperansi akajibu kwamba ni sheria. "Sheria ya nani, Madamu?" Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo kila akigeukia ubao alisikia mtu nyuma akinong'ona, "Sheria ya nani?" Shule haikuwa na mwalimu mwingine wa fizikia. Akiondoka, watoto wale wangeingia kwenye mtihani wa taifa peke yao.

Direkteri, mkuu wa shule yao, alimpa mpaka Ijumaa aamue. Nikamwambia nakuja.

Alhamisi asubuhi nilipata nafasi ya mbele katika pikapu ya Bwana Seif, mfanyabiashara wa mawese. Ukoo wake ni wa Waarabu wa Oman waliohamia hapa zamani sana, na Kiswahili chake ni cha mwambao huu wa ziwa. Tulipopita Kabezi akaniuliza nafuata nini Rumonge. Nikamwambia nakwenda kumsaidia mwalimu wa fizikia.

Akanitazama, kisha akarudisha macho barabarani. "Fizikia! Mutoto yangu Rahma iko mu lise ile. Wiki mbili hizi anarudi nyumbani na hasira. Anasema anaacha siyansi, anakuja kukaa na mimi mu duka. Aliuliza swali, wenzake wakacheka. Anafikiri walimucheka yeye."

Kumbe kicheko kimoja kilikuwa kimewaumiza watu wawili, na kila mmoja aliamini kimemlenga yeye peke yake.

"Swali gani lenyewe?" akauliza. "Mi nilimuuliza, akasema sitaelewa."

Mbele yetu kulikuwa na lori lililobeba matofali. Bwana Seif alitoka pembeni ili alipite, na kwa muda tukawa sambamba nalo. "Mtazame yule aliyekaa juu ya matofali," nikasema. "Kwako wewe, anakwenda?"

"Ni kama amekaa sebuleni kwangu."

"Kwa sababu tunakwenda mbio sawa. Kila kitu unachokijua kiko hivyo. Ukikifukuza, kinapungua mbio machoni pako. Mwanga peke yake ndio haupungui. Ufukuze kwa gari, kwa ndege, kwa chochote, bado utakukimbia kilomita laki tatu kwa sekunde, sawa na unavyomkimbia yule mama aliyesimama pale kando."

"Hapana," akasema Bwana Seif, na akalipita lori.

Gitaza tulisimama anunue ndagala, dagaa wa ziwa hili. Zilikuwa zimeanikwa juu ya mchanga, nyeupe mpaka majini, na wanawake walikuwa wakizigeuza kwa mikono. Boti ya injini ilikuwa ikiingia ufukweni. Nikamwonyesha mawimbi yaliyokuwa yakiitoka mbele. Boti iongeze mbio au ipunguze, wimbi likishatoka linakwenda kwa mwendo wa maji, halipati nguvu ya boti. Hilo lilimwingia mara moja.

"Basi mwanga iko hivyo," akasema. "Kuna kitu kinaubeba."

"Watu wenye akili nyingi waliamini hivyo kwa miaka mingi. Lakini wimbi la maji unaweza kulifukuza ukalifikia. Wakakitafuta hicho kinachobeba mwanga kwa vipimo vikali sana, hawakukiona. Mwanga unavuka mahali pasipo na kitu, na bado haufikiki."

Alifunga mfuko wa ndagala polepole. "Sasa naelewa kwa nini mutoto alikasirika," akasema.

Adhuhuri tukafika Rumonge. Bwana Seif alinishusha karibu na soko, palipokuwa na harufu ya mawese na samaki wa moshi, akaniambia kesho jioni anarudi mjini, nimngoje. Esperansi alinipokea mlangoni kwake. "Amahoro, dada," akasema, akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida. Alikuwa amekonda.

Baada ya kula ugali tulitembea mpaka ziwani. Nilikuwa na jibu langu tayari, na nilijiamini. Nikamweleza kwamba mwanga ni umeme na sumaku vinavyosukumana, na kwamba sheria za umeme na sumaku zenyewe ndizo zinazotoa kasi yake. Sheria hizo ni zilezile ndani ya boti na nchi kavu, kwa hiyo kasi lazima iwe ileile. Nilimaliza nikiwa nimeridhika kabisa.

Esperansi alitikisa kichwa. "Hiyo ninaijua. Nikimwambia Rahma hivyo, atauliza kwa nini sheria ziwe zilezile. Nitakuwa nimerudi palepale."

Alikuwa sahihi. Tukatembea, maji yakitulowesha miguu. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa ya buluu. Mama mmoja aliyekuwa akifua alituuliza tunatoka wapi, nikamjibu Bujumbura. "Ni mbali? Saa ngapi kwa gari?" Nikamwambia ni karibu saa mbili, naye akaridhika, akaendelea kufua.

Esperansi akasimama. "Umesikia? Ameuliza umbali, ukamjibu kwa saa. Wala hakushangaa."

"Watu wote husema hivyo."

"Kwa sababu tukijua mbio ya gari, tunageuza saa kuwa kilomita bila kufikiri. Lakini gari zinatofautiana. Dada, kama ulimwengu wenyewe una mbio yake moja ya kugeuza saa kuwa kilomita? Isiyo ya gari lolote?"

Tulikaa palepale kwenye mchanga. Kuanzia hapo ni yeye aliyekuwa anafundisha. Muda na nafasi ni kitu kimoja, alisema, na kila mtu hukigawa kulingana na mwendo wake. Anayekimbia anapata mgawo wake wa muda na wa umbali, aliyesimama anapata mwingine. Kinachobaki kilekile kwa wote ni ile kasi inayounganisha viwili hivyo. Mwanga hauna uzito wa kuuzuia, ndiyo maana unakwenda kwa kasi hiyo hasa. Tunaiita kasi ya mwanga kwa sababu tuliiona kwanza kwenye mwanga, lakini ni kasi ya ulimwengu. Hakuna habari wala tukio linaloweza kuipita.

"Kesho utasema hivyohivyo," nikamwambia.

"Na akiuliza kwa nini ulimwengu uko hivyo?"

"Hapo hakuna anayejua."

"Nitasimama mbele yao niseme sijui? Watacheka tena."

"Utasema umefika mwisho wa njia, na kwamba na wengine wote wamefika hapohapo. Hilo si sawa na kutojua njia."

Akainuka, akaanza kurudi nyumbani. Usiku ule sikujua kama angeingia darasani.

Ijumaa asubuhi alivaa kitenge chake kizuri, tukaenda. Nilikaa nyuma. Rahma nilimtambua kabla sijaonyeshwa: ushungi mweupe, mikono imekunjwa, macho dirishani.

Esperansi hakuandika kitu ubaoni. Alimwita Rahma mbele, akampa mpira. "Udundishe hapo uliposimama." Mpira ukashuka na kupanda. "Sasa udundishe ukitembea." Rahma akatembea mbele ya darasa. "Rahma, wewe unaona mpira unakwendaje?"

"Chini, juu. Kama mara ya kwanza."

"Na nyinyi mliokaa?"

"Unakwenda upande!" wakasema. Kwao mpira ulichora mistari ya mshazari, mirefu zaidi.

"Sasa mpira huu ni mwanga. Kasi yake ni ileile kwa Rahma na kwenu. Kwenu njia ni ndefu zaidi. Nini lazima kitokee?"

Kisha Rahma, akiwa bado ameshika mpira, akasema polepole, "Kwao inachukua muda mwingi. Kwangu muda kidogo. Kwa mudundo ule ule." Akaangalia mpira. "Madamu, basi muda si moja."

"Si mmoja. Kasi haikubali kubadilika, kwa hiyo muda unabadilika. Jambo hili limepimwa kwa saa zilizopandishwa ndege. Setilaiti zinazoonyesha njia kwenye simu zenu zinalihesabu kila siku."

Akawaeleza yale ya ufukweni. Nilikuwa nayangoja yale maneno, na Rahma akayasema. "Madamu, na kwa nini ulimwengu iko hivyo?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Esperansi alimgeukia mpaka akanyamaza. "Wiki mbili zilizopita nilimjibu Rahma vibaya kwa sababu swali lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nimewafikisha mpaka mwisho wa njia iliyolimwa. Mbele hapajalimwa bado. Hakuna profesa mahali popote anayejua jibu hilo."

Rahma alimtazama. "Hakuna hata mumoja?"

"Hata mmoja."

"Kumbe bado kuna kazi," akasema Rahma, akarudi kukaa. Hakuna aliyecheka. Akafungua kalamu.

Mchana Direkteri alikuja hadi mlangoni, akamuuliza Esperansi amefikia wapi. "Nabaki na terminali," akasema, na hapohapo akadai mipira zaidi.

Jioni pikapu ya Bwana Seif ilikuwa imejaa madumu ya mawese. Alinisimulia kwamba Rahma alikuja nyumbani kula, akachukua limau, akaanza kulidundisha ukumbini mbele ya bibi yake. Duka hakulitaja tena. "Murakoze sana, Mwalimu," akasema. Nikamwambia amshukuru Esperansi.

Tulipopita Magara, jua lilikuwa limekaribia milima ya Kongo, na ziwa lote likawaka. Nilikwenda Rumonge kumpelekea rafiki yangu jibu, nikatoka na lililo bora kuliko langu. Nimejifunza kwamba kasi ya mwanga haibadiliki kwa sababu si mali ya mwanga peke yake. Ni kipimo ambacho muda na nafasi vimefumwa nacho, na sisi sote, wa garini na wa kando ya barabara, tumo ndani ya kitambaa hicho kimoja. Nimejifunza pia kwamba mwalimu anaweza kusema "hapa hakuna anayejua" na darasa likasogea mbele kumsikiliza.

Bwana Seif alishusha kioo, upepo wa ziwa ukaingia. "Mwalimu," akasema, "ile hapana yangu ya jana, naiondoa. Sasa anza tena toka mwanzo. Polepole."

Nikaanza.