Amino acid nilizomnunulia Abba, na mahali zilipoishia

Salaam aleikum wakuu, na wengine habari zenu. Haya ninayoandika yamenipata mimi, natamani yangekuwa ya kubuni.

Niko Isiolo mjini, nauza spea za pikipiki. Abba, yaani baba yangu, alikuwa akiishi na mama upande wa Merti. Ukame ulimwachia ng'ombe mmoja tu, mwekundu, jina lake Dimtu. Mapaja ya mzee nayo yakabaki mifupa.

Nikamleta mjini kwa daktari, mama akiwa naye. Figo zikapimwa, ziko sawa. Akasema misuli inaisha kwa sababu ya umri na kula kidogo. Ale mayai, maharagwe, maziwa, na tukiweza tumuongezee amino acid ya unga.

Kwa wasiojua, amino acid ndizo mwili hutumia kujenga misuli. Vijana wa gym wanazijua sana. Mzee au mtu anayetoka kuugua zinaweza kumsaidia, lakini awe anakula. Zenyewe si chakula.

Nilinunua mkebe mkubwa, nikamwonyesha mama kipimo, wakarudi nyumbani.

Nikipiga simu, Abba ananiambia, "Hii dawa iko sawa. Tuma ingine."

Nikatuma ingine na pickup ya Merti. Nilifurahi jamani, hadi wateja niliwaringia.

Siku niliyoenda kumwona, Dimtu alikuwa amesimama nje akitafuna boksi. Abba alikuwa ndani, amelala, mkono mwembamba kuliko wa binti yangu.

Mama alianza kulia kabla sijauliza kitu.

Iko hivi. Kwetu ng'ombe akidhoofika kwa njaa, agrovet, yaani duka la dawa za mifugo, wanakuuzia dawa yenye amino acid. Abba hajui kusoma, lakini jina hilo alilitambua palepale kwa daktari. Kila asubuhi alikuwa anakoroga unga wangu na kumnywesha Dimtu kwa chupa.

"Mimi nimezeeka," aliniambia. "Yeye ako na mimba."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo kama mtoto.

Kinachoniuma zaidi, mtu wa agrovet ameniambia ile ya ng'ombe huwa ni ya sindano. Ng'ombe akiinywa, tumbo lake linaivunja karibu yote kabla haijafika kwenye misuli. Dimtu alianguka muda mfupi baada ya siku ile na hakuamka tena.

Sasa Abba ako kwangu. Namkorogea mwenyewe, anakunywa nikimwangalia, lakini sahani anaisukuma. Daktari naye siku hizi haongei sana.

Nilichojifunza: ukimnunulia mzazi supplement, apimwe kwanza, halafu kaa naye uone ikishuka kooni. Mimi niliamini simu.

Jana alikataa kikombe. Aliuliza kama ndama amenyweshwa. Wakuu, hakuna ndama.

Wenye wazazi wafugaji niandikieni hapa chini. Mnamlisha vipi mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kula kabla ya mifugo yake?