Kutafuta Mtandao Mlola kwa Simu ya Yonazi

Safari yetu ilikuwa ya kaburi. Baba mkwe wangu alikuwa ametimiza mwaka tangu azikwe, na ukoo ulikuwa umepanga kulijengea kaburi lake kwa saruji na kusimamisha msalaba, kama wanavyofanya Walutheri wa Mlola. Mimi ni Mkinga wa Makete na kazi yangu ni kutunza ghala la vipuri Morogoro. Milima ya Usambara nilikuwa nimeipanda mara mbili tu, mara ya kwanza kupeleka posa na mara ya pili kuzika.

Lakini safari hii tulibeba jambo jingine ndani ya begi. Yunisi, mke wangu, ni mwalimu wa sekondari. Alikuwa anaomba nafasi ya kusoma shahada ya pili Norwei, miaka miwili, na maombi yalitakiwa yafike kwa barua pepe kabla Ijumaa haijaisha. Barua ya mkuu wa shule aliipata jioni ya kuamkia safari, na insha yake ilikuwa bado inamsumbua mwishoni. Aliponieleza habari ya Norwei kwa mara ya kwanza, nilimjibu neno moja: "Tutaona." Hakuuliza tena, nami sikuongeza. Mtoto wetu Tumaini alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza.

Kuhusu mtandao nilimtoa wasiwasi. Nilikuwa nimenunua simu ambayo ukiichomeka kwenye laptopu kwa waya inageuka modemu. Unajiunga na kifurushi, unasubiri ujumbe wa kampuni, halafu intaneti inafunguka hapo hapo ulipo. Siku zile kazini kwetu hakuna mwingine aliyeweza kufanya hivyo. Watu walikuwa wakisimama mezani kwangu kutazama, na wengine waliniita mtaalamu.

"Hata huko milimani kwenu," nilimwambia Yunisi, "mimi ndiye nitakayekutumia."

Alhamisi alfajiri tuliondoka Morogoro, tukamwacha Tumaini kwa dada yangu. Chalinze tulibadili basi, Segera tukala mahindi ya kuchoma, na jua lilikuwa linaanza kulegea tulipofika Mombo na kuanza kupanda. Barabara ya kwenda Soni inajikunja ukutani mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo na mto chini. Yunisi alikuwa amefungua laptopu mapajani anamalizia insha, akiifunika kwa kanga kila kona ilipomtupa dirishani. Lushoto tulikuta maduka yamefungwa. Tukapata gari la mwisho la Mlola, likapita msitu wa Magamba gizani, baridi ikatuingia mpaka kwenye meno.

Aliyetupokea kituoni alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la ngozi, amesimama kando ya pikapu nyeupe. Alichukua begi la Yunisi kabla hajanisalimia mimi.

"Onga mshi, Yunisi," alimsalimu kwa Kishambaa, kisha akanigeukia. "Karibu Mlola, shemeji. Mimi naitwa Yonazi."

Jina hilo nilikuwa ninalijua. Yunisi aliwahi kuniambia, kabla hatujaoana, kwamba kulikuwa na kijana wa kwao waliyeahidiana, na kwamba ahadi ile ilikufa alipokwenda chuo Tanga. Hakuwahi kuniambia kwamba kijana huyo sasa ananunua kabichi na karoti za nusu ya tarafa, au kwamba saruji ya kaburi la baba mkwe ilipandishwa mlimani na pikapu yake, bure.

Nyumbani kwa mama mkwe niliona mengine. Yonazi hakubisha hodi. Alijua kikombe kilipowekwa, akajimiminia chai. Mama mkwe, mama mpole anayeongea Kiswahili polepole, alimwita "mwanangu". Mimi aliniita "mgeni wetu", kwa heshima zote, akaniketisha kwenye kiti chenye mto.

Ijumaa asubuhi, kabla watu hawajaanza kazi ya kaburi, niliwasha simu yangu. Haikushika kitu. Nilizunguka nyumba, nikapanda kwenye ukuta wa zizi, nikanyoosha mkono juu. Kampuni yangu haikuwa na mnara upande ule. Nikawaza tushuke Lushoto mjini tukatafute kafee ya intaneti, lakini mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha udongo barabarani kuelekea Magamba, na vijana walikuwa ndiyo kwanza wanachukua majembe kwenda kuufukua.

"Mwambie Yonazi," mama mkwe alisema. "Simu yake inashika kule juu, karibu na shule."

"Anipe laini yake tu," nilisema haraka, "niiweke kwenye simu yangu."

Yonazi alikuja, akaishika simu yangu, akaigeuza. Tulijaribu. Simu ikakataa, ikaandika kwamba laini hiyo haikubaliki, kwa sababu ilikuwa imefungwa isipokee laini nyingine isipokuwa ya kampuni iliyoniuzia. Sikuwa ninalijua hilo. Yonazi hakucheka. Afadhali angecheka.

"Tutumie yangu," alisema. "Nina kifurushi cha wiki. Natumaga bei za karoti kwa wateja wa Dar."

Jambo lililoniuma, jamaa zangu, ni kwamba alijua kila kitu. Programu ya simu yake aliiingiza kwenye laptopu yetu kwa sahani ya CD aliyoileta kwenye bahasha. Setingi aliziandika bila kutazama popote. Yunisi aliinama kando yake, nywele zao karibu kugusana, akisema, "Ehee, kumbe hivyo," kwa sauti ile ile aliyokuwa akinisemea mimi Morogoro nilipomwonyesha.

Mchana, baada ya watu kula, tulipanda na pikapu mpaka juu ya shule. Ukungu ulikuwa unapita vipande vipande juu ya mashamba ya kabichi. Manyunyu yakaanza, kwa hiyo laptopu haikuweza kutolewa nje. Ndani ya pikapu nako simu haikushika vizuri. Ilitaka kuwa nje ya dirisha, juu kidogo. Waya ulikuwa mfupi. Yonazi alikaa kwenye usukani kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiielewa ile programu, na Yunisi akakaa kando yake na laptopu mapajani. Mtu wa kusimama nje na kushika simu nikawa mimi.

Nilisimama kwenye majani yaliyolowa, mkono mmoja mwavuli, mkono mwingine simu ya Yonazi nimeiinua usawa wa paa, waya umeshuka na kuingia dirishani. Barua ilikuwa nzito kwa sababu ya vyeti. Yunisi alibonyeza kutuma. Mstari wa kijani ukaanza kusogea, ukafika katikati, ukakwama, ukakatika.

"Ameingia mtu kwenye simu," Yonazi alisema kutoka ndani. "Akipiga tena kata, shemeji. Akipiga mtu mtandao unakatika."

Ndiyo hivyo nikawa pia mkata simu wake. Wakaanza upya.

Sasa walikuwa wanaongea Kishambaa. Walikuwa wamekianza bila kujua, kama watu wanavyofanya wakirudi kwenye lugha ya utoto wao. Kishambaa hakiko mbali na Kiswahili, na hiyo ndiyo taabu yake. Unasikia neno unalolijua, unalikimbilia, na unapolifikia sentensi imeshapita. Yonazi aliongea kwa kirefu na kwa sauti ya chini. Yunisi alicheka mara moja. Nilikuwa ninaukumbuka mcheko ule, wa mwaka tuliokutana, na sikuwa nimeusikia siku nyingi. Halafu Yonazi akasema jambo jingine, na mcheko ukakoma. Yunisi akajibu kwa ukali. Nilisikia "mgosi". Hilo nalijua, maana yake mwanamume, au mume. Akalirudia. Mgosi. Mgosi yupi?

Kidole gumba changu kilikuwa kimelala pale waya ulipoingia kwenye simu. Ningeusukuma kidogo tu ungelegea. Mstari wa kijani ungekatika, chaji ya laptopu ilikuwa inaelekea kuisha, na Norwei ingebaki huko huko ilipo. Kila mtu angelaumu ukungu. Nililiwaza jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayewaza bei ya kitu dukani. Nilimwonea wivu Yonazi kwa kiti alichokalia, kwa lugha, kwa kikombe alichojua kilipo. Na niliona kwamba wivu wangu mkubwa zaidi haukuwa juu yake. Nilikuwa ninaionea wivu ile barua. Ilikuwa inaondoka, na mke wangu alikuwa anaitazama kwa macho ambayo sikuwa nimetazamwa nayo muda mrefu.

Simu ikaita. Jina la mteja fulani likatokea. Nikaikata upesi kuliko nilivyotarajia, lakini mstari ulikuwa umeshakatika.

"Mara ya mwisho," Yunisi aliniambia kwa Kiswahili, akitoa kichwa dirishani. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa manyunyu au kwa nini. "Chaji haitoshi kurudia tena. Inua kidogo, Baba Tumaini."

Niliuacha mwavuli uanguke. Nikapanda kwenye tairi la nyuma, nikashika ukingo wa bodi, nikaunyoosha mkono wote mpaka waya ukakaza. Mvua ikanishukia kichwani, nami nikaifunika simu kwa kofia yangu. Sikuuona mstari wa kijani kutoka pale. Nilisikia tu ukimya ndani ya gari, wakiwa wameacha kuongea lugha yoyote.

"Imekwenda!" Yunisi alipiga kelele. "Imekwenda!"

Alitoka mbio, akanikumbatia pale pale nilipokuwa, kiunoni, kwa sababu nilikuwa bado juu ya tairi. Yonazi alishuka upande wa pili, akatazama mashamba.

Jumamosi ilikuwa siku ya kaburi. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, na msalaba ukasimama. Mimi na Yonazi tulichanganya zege pamoja, tukipokezana koleo, bila maneno mengi. Mama mkwe alituletea maji ya kunawa, akaniambia, "Baba, umefanya kazi." Nililiweka hilo moyoni.

Jumapili baada ya ibada barabara ilikuwa imefunguliwa, na Yonazi akatushusha mpaka Mombo, maana alikuwa na mzigo wa kabichi wa kupeleka Mazinde. Mombo kulikuwa na joto kama tumeingia jikoni. Yunisi alivuka barabara kununua machungwa ya Tumaini, na sisi wawili tukabaki tumeegemea pikapu.

Niliona nisipouliza hapo sitauliza kamwe. "Juzi kule juu ya shule," nilisema, "mlikuwa mnaongea nini?"

Yonazi alikaza kamba ya turubai ambayo ilikuwa imekaza tayari. "Nilimwambia asiende."

Nilimtazama.

"Nina mke, shemeji, nina watoto wanne, sina neno na wewe," aliendelea. "Lakini nilimpeleka mimi mwenyewe kituoni siku ile alipokwenda chuo Tanga. Nilimbebea sanduku. Alisema miaka miwili tu. Nikamwambia juzi, ukienda tena hutarudi, na safari hii anayeachwa si mimi."

"Akasemaje?"

"Alikasirika. Alisema mgosi wake ndiye aliyemwambia aende, na ndiye huyo anayelowa mvua hapo nje ili apate kwenda. Akasema, wewe ni nani wa kunizuia?" Alifuta mikono kwenye suruali. "Nikanyamaza. Kwa kweli mimi nisingeweza. Kumruhusu, sijui umewezaje."

Yunisi alikuwa anarudi na machungwa.

Kutoka Mombo basi lilikuwa tupu nusu. Tulipita mashamba ya mkonge ya Korogwe, mistari yake ikifunguka na kufunga dirishani. Nilikuwa nimedhani nikiujua ukweli nitapona, na ukweli nilikuwa nao sasa, mtamu kuliko nilivyostahili. Lakini wivu ulikuwa palepale. Nilimwonea wivu hata yule mwanamume ambaye Yunisi alikuwa amemweleza Yonazi, yule mume aliyesema nenda. Sikumfahamu. Nilichojifunza safari ile ni kwamba wivu hauna haja ya kwisha ndipo mtu afanye linalompasa. Unaweza kukaa naye kiti kimoja, kama abiria, na basi likaenda.

Tulipokaribia Segera nilisema, "Mimi sikukwambia uende. Nilisema tutaona."

"Najua," Yunisi alijibu.

"Mbona ulimwambia Yonazi nimekubali?"

Alikuwa anamenya chungwa, ganda likitoka refu. "Nilitaka kusikia neno hilo linavyosikika likisemwa," alisema. "Hata kwa mdomo wangu mwenyewe. Ukiniambia nisiende, hata wakinichukua sitakwenda. Lakini uniambie, usiniambie tutaona."

Nilifikiria asubuhi za Tumaini, sare, uji, na kitanda upande mmoja baridi. Nilifikiria watu wa huko Norwei watakaomsikia akicheka ule mcheko.

"Nenda," nilisema.

Yunisi aliacha kumenya. Hakutabasamu, wala hakushukuru. Alinigeukia mwili mzima, kama mtu aliyesikia vibaya kwa sababu ya kelele ya injini.

"Sema tena."

Nikasema tena, na mara hii ya pili ilikuwa ngumu zaidi.