Macho ya Yohana

Nakumbuka asubuhi moja ya mavuno ya maharagi kule Bihambwe, mwanangu, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala. Mume wangu Yohana alikaa chini katikati ya shamba, akashika kifua.

"Inanibana," aliniambia. "Ni kama mutu amenikalia hapa."

Nikampa maji kwenye kibuyu. Alipotaka kunirudishia, mkono wa kuume ukalegea, mdomo ukapinda, maneno yakamwisha. Sikuisikia tena sauti yake.

Majirani walimbeba mabegani kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka dispensari. Muganga alimsikiliza moyo, akamwinua mguu, nao ukaanguka kama gogo.

"Moyo umeshikwa, na kichwani damu imeziba," alituambia. "Vyote viwili mara moja. Sina dawa ya hiyo."

Felisita, dada mkubwa wa Yohana, aliyekuwa akivuna nasi, hakutaka kusikia. Kwake, magonjwa mawili hayawezi kumwangusha mtu siku moja pasipo mkono wa mtu. Akamwinamia.

"Yohana, nani alikupa sumu? Utuonyeshe."

Yohana alihangaika kufungua kinywa, akashindwa. Kisha akageuza macho, akaniangalia mimi. Akaniangalia hivyo mpaka akakata roho.

"Mumeona?" Felisita alisema polepole, machozi yakimtoka. "Ni yeye. Maji yake njo ilimuua."

Mwanangu, nilikuwa mke wake. Angemwangalia nani mwingine? Labda alikuwa na woga, ao alitaka kuniachia neno juu ya watoto. Sitajua kamwe. Muganga alirudia maelezo yake, lakini hakuna aliyemsikia tena. Baada ya mazishi ndugu za Yohana walinirudisha kijijini kwetu Ntoto, na watoto wangu wakabaki kwao. Walikua wakiambiwa kwamba nilimuua baba yao. Miaka ikapita, nikakutana na binti yangu sokoni. Nilimwita kwa jina. Akainamisha kichwa, akapita.

Felisita simchukii. Alimpenda ndugu yake, na uchungu ulitafuta pa kutua.

Kwa hiyo nakuomba: mtu akisema kifua kinambana, ao mdomo ukimpinda, mumbebe upesi kwa waganga wa dispensari. Akikosa sauti, usiseme kwa niaba yake. Na kifo kikiingia nyumbani, usitafute mkosaji kati ya wale waliomshika mgonjwa mkono, kwa maana hao nao wamefiwa.

Mungu akutunze, mwanangu. Watoto wako wakuite mama mpaka uzeeni, nawe uwaitikie.