Mama Pasi, dereva aliyejifunza upya kuteremka mlima

Waya mweusi unatoka kwenye dirisha la jikoni, unapita juu ya beseni la kufulia na kuingia kwenye pua ya gari dogo jeupe. Mwanamke aliyevaa sweta la kijani anauchomoa, anaukung'uta umande na kuuviringisha mkononi kama kamba ya kuanikia nguo. Kisha anainama kutazama kioo kilicho mbele ya usukani. Betri imejaa.

Ng'ambo ya ua, jirani anafagia. Hata hainui kichwa.

"Pasi imepata moto?"

"Imepata," anajibu mwanamke. "Lete mashati."

Mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Gari lake la umeme huchomekwa ukutani usiku, kama pasi, na siku lilipofika kuna mtu alimuuliza kama linanyoosha na suruali. Jina likamganda. Mwanzoni lilimuudhi. Siku hizi ameliandika kwa rangi nyekundu kwenye kioo cha nyuma, herufi zimepinda kidogo kwa sababu aliandika mwenyewe.

Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa wa figo hospitali. Wao wanaishi huku juu mlimani. Mashine za kusafisha damu ziko kule chini bondeni, mwendo wa kilomita arobaini na sita. Mgonjwa huenda mara tatu kwa wiki, hulala kwenye mashine kwa saa nne, kisha hurudi akiwa mchovu na mwenye baridi.

Leo anao abiria wawili. Wa kwanza ni mama mnene, mcheshi, anayeitwa Shangazi hata na watu wanaomzidi umri. Wa pili ni karani mstaafu wa posta, jina lake mtaani ni Mzee wa Barua. Nyuma yao linafuata gari lingine, la petroli. Anayeliendesha ni binti wa Mzee wa Barua, na hafichi kwa nini anawafuata.

"Nipo hapa ili gari hilo likizima, nimchukue baba yangu," anasema akiwa dirishani, kabla hawajaondoka. "Likifika salama, tutaongea. Lisipofika, hatutaongea tena."

Mama Pasi anaitikia kwa kichwa. "Sawa, dada. Hiyo ni haki yako."

Ni haki yake kweli, kwa sababu gari hili lilishamzimikia baba yake njiani.

Kabla ya gari la umeme, Mama Pasi alikuwa na gari kuukuu la petroli. Kwenda hospitali na kurudi lilikunywa lita nane, na siku za mvua tisa. Nauli ilikuwa kubwa, na wagonjwa walikuwa wakiruka siku. Shangazi alikuwa akikosa mashine mara moja karibu kila wiki.

"Nilikuwa navimba miguu mpaka viatu vinanikataa," Shangazi anasema. "Najiambia, leo nipumzishe mfuko, kesho kutwa nitaenda. Figo zenyewe hazijui habari za mfuko."

Mama Pasi aliuza gari kuukuu, akaongeza akiba ya miaka mitano, akanunua hili dogo la umeme lililokwisha kutumika. Kulijaza usiku kucha kunamgharimu kama bei ya lita mbili za petroli na kidogo. Akapunguza nauli karibu nusu. Wagonjwa sita wakawa wake.

"Oili sibadilishi. Plagi hazipo, mkanda wa feni haupo," anasema, akizitaja kama mtu anayetaja wadai wake wa zamani. "Fundi wangu alifungua boneti, akaangalia, akaifunga. Akaniuliza, 'Sasa na mimi nitakula wapi?'"

Hasemi kwamba gari halina shida. Aliambiwa linaweza kwenda kilomita mia na hamsini. Kwa milima hii, na abiria ndani, yeye anahesabu mia na kumi, wala haongezi hata moja. Betri ikifa, bei ya mpya itakaribia nusu ya bei aliyonunulia gari zima. Matairi nayo yanalika upesi. Lakini kwenda na kurudi ni kilomita tisini na mbili, na tisini na mbili inaingia ndani ya mia na kumi.

Ndivyo alivyodhani.

Siku ya tukio mvua ilikuwa inanyesha. Walishuka vizuri asubuhi. Jioni, wakati wa kupanda, Mzee wa Barua alikuwa anatetemeka, na Mama Pasi akawasha hita kama alivyokuwa akifanya katika gari la petroli. Namba ya betri kwenye kioo ikaanza kushuka haraka kuliko barabara ilivyopanda. Walipofika kwenye kona ya mwisho, mapaa ya mtaa wao yakiwa yanaonekana, gari likapunguza mwendo, likapunguza tena, likasimama.

Halikupiga kelele wala kutoa moshi. "Lilinyamaza tu," anasema. "Gari la petroli likikufia angalau linakohoa, unapata muda wa kujiandaa."

Binti wa mzee alikuja kumchukua baba yake. Alimvika koti lake yeye, akamwingiza kwenye gari lake, ndipo akamgeukia dereva.

"Dada, baba yangu si mzigo wa kujaribia gari."

Mama Pasi anayarudia maneno hayo bila kinyongo. "Alikuwa sahihi."

Habari zilienea. Wagonjwa watano wakarudi kwenye magari ya petroli, na mmoja wao akaanza tena kuruka siku. Akabaki Shangazi peke yake. Ukimuuliza kwa nini, anacheka. "Mapenzi? Hapana. Ni nauli."

Aliyegundua kosa ni fundi wa umeme wa magari. Alipima betri, akaikuta nzima. Akaangalia nyaya, hakuona tatizo. Mwishoni akamuuliza, "Mama, ukiwa unateremka ule mlima, unafanyaje?"

"Naweka frii."

Fundi akakaa chini kwenye tairi, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Frii ni ile gia ya katikati, inayoliacha gari liserereke lenyewe. Madereva wengi wa milimani huteremka hivyo ili kuokoa mafuta. Mama Pasi alifundishwa na baba yake, dereva wa lori mstaafu, ambaye anaishi naye. Aliifanya katika gari la petroli, na alipopata la umeme hakuona sababu ya kuacha.

Ila gari la umeme likiachiwa kwenye gia yake ya kawaida, bila kukanyaga pedali ya mwendo, magurudumu yenyewe huzungusha mota na kurudisha umeme kwenye betri. Ukiweka frii unaukata mzunguko huo. Kila asubuhi Mama Pasi alikuwa akiteremka na umeme wa bure, akiumwaga njiani, na kuunguza breki juu yake. Na hita, ambayo katika gari la petroli hutumia joto la injini lisilo na kazi nyingine, hapa inakula betri ileile inayosukuma gari.

"Vya bure vilikuwa vimegeuka vya kulipia, na vya kulipia vimegeuka vya bure," anasema. "Na mimi nilikuwa nimevichanganya vyote."

Kumwambia baba yake ilikuwa kazi nyingine. Mzee huyo aliendesha lori kwa miaka thelathini, na mpaka leo anatembea akiwa amekunja kidogo mkono wa kushoto, kama mtu anayetafuta gia.

"Nilimwambia haiwezekani," anasema baba. "Gari lijijaze lenyewe? Basi na mimi nitashiba kwa kushuka ngazi."

Siku iliyofuata alipanda gari na binti yake, bila abiria. Walipofika mahali mteremko unapokaza, namba ilikuwa themanini na moja. Mama Pasi akatoa mguu kwenye pedali. Gari likajishika, likashuka taratibu, kama limeshikwa na mkono kwa nyuma. Themanini na mbili. Themanini na tatu. Mwisho wa mteremko ilikuwa themanini na nne.

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "nilikufundisha vizuri. Ila nilikufundisha lori."

Kuanzia hapo akawa mwalimu mpya. Alimkataza binti yake kugusa gia kwenye mteremko, akawa anaupiga mkono wake kila ukijisahau. Kwa juma zima walishuka na kupanda, na kila siku Mama Pasi alijaribu jambo moja: mwendo mdogo, mizigo ya mchanga kwenye viti vya nyuma, kisha hita. Hita ndiyo iliyomtisha. Alitaka kujua inakula kiasi gani kutoka daraja lililo njiani hadi juu, kutoka kona hadi juu, mpaka akaijua kama anavyojua chumvi ya mchuzi wake.

Ndipo akaenda kwa binti wa Mzee wa Barua kuomba nafasi nyingine. Alipewa safari moja, ya leo.

Asubuhi wanashuka bila tatizo. Mkono wa Mama Pasi unacheza karibu na gia lakini hauigusi. Hospitali wanaingia na asilimia themanini na tatu.

Mchana unapita. Wagonjwa wanatoka wakiwa wamejikunja. Mama Pasi amekwisha andaa mablanketi mawili, na muuguzi amemjazia chupa mbili za maji ya moto. Anamfunika Mzee wa Barua, anamwekea chupa miguuni.

"Umenifunga kama kifurushi," anasema mzee.

"Kifurushi cha haraka, baba. Kinafika leo leo."

"Stempu je?"

"Stempu anayo binti yako kule nyuma."

Mzee anacheka kidogo, kisha anafumba macho.

Wanapanda. Gari la petroli liko nyuma yao, taa zimewashwa. Sabini. Sitini na mbili. Hamsini. Mama Pasi anaendesha polepole, kama mtu aliyebeba maziwa kwenye bakuli. Shangazi anahadithia ugomvi wa majirani zake ili kupoteza mawazo, ila kila akifika pazuri anachungulia namba.

Darajani mvua inaanza. Hewa inapoa. Wakiwa wamebakiza kona tatu, namba ni ishirini na tisa, na meno ya Mzee wa Barua yanasikika yakigongana. Maji kwenye chupa yamekwisha poa.

"Baba, unasikia baridi?"

"Kidogo tu, mwanangu. Wewe endesha. Usiguse hiyo hita yako."

Kila mtu ndani ya gari anajua kwa nini amesema hivyo. Mzee anataka lifike. Anataka nauli ya nusu, na zaidi ya hapo anataka dereva huyu asiaibike mbele ya binti yake.

Mama Pasi anatazama barabara, anatazama namba. Kisha ananyoosha mkono na kuwasha hita.

"Mama Pasi," Shangazi anasema kwa sauti ya chini, "umefikiria?"

"Nimepima, Shangazi. Inatufikisha. Na kama isingetufikisha, bado huyu asingetetemeka kwenye gari langu."

Ishirini na tano. Ishirini na mbili. Vioo vinaingia ukungu, kisha vinasafika. Hadithi za majirani zimekwisha. Wanapita kona gari lilipozima, na hakuna anayeitaja. Kumi na tisa. Meno ya mzee yametulia, amelala, kichwa kimeegemea blanketi. Kumi na sita. Mapaa yanakuja, kisha geti la nyumba yake, kisha gari linasimama kwa sababu limesimamishwa.

Asilimia kumi na tatu.

Binti anashuka kwenye gari lake, anakuja kwenye mvua bila mwavuli. Anafungua mlango wa baba yake. Mama Pasi anajisogeza pembeni ili kioo chenye namba kionekane vizuri, lakini binti hakitazami. Anaingiza mikono chini ya blanketi, anaishika mikono ya baba yake, anakaa nayo hivyo kwa muda.

"Mikono yake ina joto," anasema.

"Alipoa kule juu ya daraja," Mama Pasi anamwambia ukweli. "Nikawasha hita."

"Niliona vioo vikifanya ukungu, nikajua ni hita. Nikasema, huyu sasa anazima." Anamsaidia baba yake kushuka, anamshika kiuno. Wakifika mlangoni anageuka. "Jumatatu uje mapema kidogo, dada. Baba hapendi kusubiri."

"Nitakuja, dada."

Mama Pasi anabaki amekaa na mikono yote miwili juu ya usukani. Shangazi, kwenye kiti cha nyuma, anakohoa.

"Na mimi nina kwangu, eti. Au kumi na tatu hizo ni za wengine?"

Wanacheka wote wawili, na gari linaondoka tena bila sauti.

Sasa anataka wale wanne wengine warudi, na anaamini binti wa Mzee wa Barua atawaeleza vizuri kuliko yeye. Ana pia ombi moja, ambalo amekwisha lipeleka kwa msimamizi wa hospitali: soketi moja tu ukutani, kwenye maegesho, na mita yake ili alipie umeme wake mwenyewe. Wagonjwa wanakaa saa nne kwenye mashine. Gari nalo lingekaa saa nne kwenye waya.

"Nikipata hiyo soketi," anasema, "hita nitaiwasha mlangoni kwa hospitali na kuizima mlangoni kwa mgonjwa. Mlima wote wapande na joto."